Alama Themanini na Nne

Barua ilitoka Nairobi mwezi wa Juni, mwaka wa tisini na nane. Mumbe alileta nakala yake nyumbani ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mkoba, akaisoma kwa sauti mumewe apate kusikia. Kuanzia mwaka mpya, mtu yeyote anayeketi kwenye dawati la ofisi ya udalali wa hisa, akawashauri wateja na kuwajazia fomu za kununua na kuuza, sharti awe amefaulu mtihani na kupewa leseni. Asiyekuwa nayo aondoke kwenye dawati.

"Miaka sita nimeketi pale," alisema. "Sasa ndio wanataka kujua kama najua."

Mumewe, Tembo, alikuwa ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi, mlango ameusindika. Tangu ifungwe hoteli aliyokuwa akitunza bustani yake, kazi ya kukuna nazi ilikuwa yake, lakini hakupenda majirani wa Ukunda waione. Zamani alikuwa mchemsha sukari kule Ramisi, na watu walimwita fundi. Kiwanda kilipofungwa alikwenda Diani, hotelini. Wageni nao wakaacha kuja baada ya vurugu za mwaka uliopita za kuwafukuza watu wa bara, na hoteli ikafunga milango. Sasa nyumba ililala kwa mshahara wa mkewe na kuamka kwa mshahara wa mkewe.

"Mtihani wenyewe ni wa lugha gani?" aliuliza.

"Kizungu. Maswali mia moja, na kufaulu ni alama sitini."

"Na wewe mara ya mwisho kufanya mtihani ni lini?"

"Kabla hujanioa."

Tembo alikung'uta machicha kwenye sahani. Alitaka kumwambia mkewe kwamba ataweza, lakini neno hilo alilifikiria mara mbili likaonekana jepesi. Akamwambia, "Mimi nitakusomea maswali. Kizungu changu ni cha darasa la saba, lakini kusoma nasoma."

Kitabu kilikuwa kimoja tu, makaratasi mia mbili yaliyotolewa kivuli na kubanwa kwa waya, mali ya ofisi. Kilikuwa cha watu wawili: Mumbe, na Chome, mpwa wake Bwana Ngala, meneja wa tawi. Chome alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka huo huo, na mjomba wake alikuwa amemleta aanze kazi. Mpango ulikuwa mmoja akae nacho siku tatu na mwingine siku tatu. Kwa hiyo Mumbe alinunua daftari kubwa akaanza kukinakili, ukurasa kwa ukurasa, na kila fungu akaliandikia chini maelezo yake kwa Kiswahili.

Jioni, baada ya chakula, binti yao Dama, aliyekuwa darasa la nane, alishika upande mmoja wa meza na vitabu vyake vya shule. Mamake alikuwa na upande wa pili, na Tembo aliketi katikati yao akishika daftari kwa mikono miwili.

"Dibencha ni nini?" alisoma.

"Ni hati ya deni. Kampuni inakopa kwako, inakupa karatasi, inakulipa riba kila mwaka mpaka siku ya kukurudishia chako."

"Kampuni ikifilisika, mwenye dibencha na mwenye hisa, ni nani anayelipwa kwanza?"

"Mwenye dibencha. Yeye ni mdai. Mwenye hisa ni mwenye kampuni, na mwenye kampuni hungoja nyuma, apate kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu."

Tembo alilitua daftari. "Na yule aliyekuwa akichemsha sukari?"

Mumbe alimtazama, akaona kwamba hakuwa akifanya mzaha. "Huyo hayumo katika swali hili, Baba Dama."

"Basi na tuendelee," alisema Tembo, akafungua ukurasa mwingine.

Miezi minne waliendelea hivyo. Tembo alikuja kuyajua mambo ambayo hakuwahi kufikiri kwamba yana majina. Alijua tofauti ya bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji. Alijua kwamba gawio la faida hulipwa kwa yule ambaye jina lake limo katika daftari la kampuni siku ya kufunga daftari, wala si kwa aliyezinunua hisa siku ya pili yake. Wakati mwingine, akiwa peke yake mchana, alijiuliza na kujijibu, na jibu likiwa sahihi alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Ilikuwa miaka kumi tangu ajione hodari wa jambo lolote.

Wiki tatu kabla ya mtihani Chome alikuja nyumbani. Alikuwa kijana mpole, shati limeingizwa vizuri ndani ya suruali, na aliwaamkia wote wawili shikamoo kabla ya kuketi. Alikataa chai, kisha akaikubali.

"Mama Dama, nina aibu," alisema. "Kile kitabu nakisoma, lakini hakiingii. Chuoni nilisoma historia. Nimesikia una daftari lenye maelezo yako. Ningeomba uniazime wiki moja tu."

Tembo alimkazia mkewe macho, akitaka aseme hapana. Mumbe alikwenda chumbani, akarudi na daftari, akampa kijana kwa mikono miwili.

"Ukurasa wa arubaini hadi hamsini usiuruke," alimwambia. "Hapo ndipo watakapotuuliza sana."

Kijana alipoondoka Tembo alisema, "Umempa kisu na kumfunulia shingo."

"Ni mtoto. Na mjomba wake ndiye anayenilipa. Ungetaka nimnyime, kisha Jumatatu nimtazameje?"

Daftari lilirudi baada ya siku kumi na mbili, likiwa na duara la kikombe cha chai kwenye jalada. Mumbe alilipangusa kwa kitambaa chenye maji, duara halikutoka.

*

Matokeo yalikuja katikati ya Disemba. Mumbe alipata alama themanini na nne. Chome alipata sitini na mbili.

Jioni hiyo Tembo alikwenda mwenyewe dukani akakopa mchele wa pishori na nusu kilo ya nyama, mwenye duka akamkopesha bila kunung'unika kwa kuwa habari ilikuwa imeshafika. Watu walisimama mlangoni kumpongeza Mumbe. Mwalimu Mwero, mstaafu aliyekuwa mteja wake tangu ofisi ifunguliwe, alimletea mkungu mdogo wa ndizi na kumwambia, "Mwanangu, sasa utatuuzia hisa kwa sheria." Dama alikibandika kikaratasi cha matokeo ukutani, mamake akakibandua akakiweka ndani ya Biblia, akasema ukuta una unyevu.

Siku iliyofuata Mumbe alirudi kutoka kazini saa nane mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi. Aliketi juu ya kitanda bila kuvua viatu.

"Ngala amelipia leseni moja," alisema. "Ya Chome."

Tembo hakuelewa. "Na yako?"

"Ada ya leseni hulipwa kila mwaka, na biashara ni mbaya, wageni hakuna. Dawati ni moja, kwa hiyo leseni ni moja. Nikamwuliza kwa nini isiwe yangu. Kasema wateja wengi ni watu wa huku, na baada ya mambo ya mwaka jana wangependa kuhudumiwa na mtu wa kwao."

"Wewe si mtu wa huku?"

"Nilimwambia wazazi wangu walitoka bara, lakini mimi nimezaliwa huku huku, Mkongani. Nilimwambia mume wangu ni Mduruma. Kasema yeye anajua hayo, wateja ndio wasiojua." Alianza kufungua kamba za viatu, akaziacha. "Anataka niendelee na kazi kama zamani. Nikae na Chome, nimwonyeshe, nijaze fomu. Yeye atatia sahihi."

Tembo alivaa shati lake la kanisani. Mumbe alimwuliza anakwenda wapi, naye akamjibu kwamba kuna maneno ambayo mwanamke akiyasema huitwa lawama, lakini mwanamume akiyasema husikilizwa. Mumbe alimwomba asiende. Alikwenda.

Njia nzima aliyapanga maneno yake. Angeanza na alama: themanini na nne, sitini na mbili. Kisha daftari. Kisha miaka sita. Alipofika, Bwana Ngala mwenyewe alimfungulia mlango, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamkaribisha ndani kwenye kiti cha wateja. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine ya kupoza hewa. Ngala alikuwa mdogo kwake kwa miaka minane au tisa, mnene kidogo, na sauti yake ilikuwa ya chini siku zote. Aliagiza soda.

"Mzee Tembo," alisema, "najua kilichokuleta, na una haki. Mama Dama ni nguzo ya ofisi hii. Nimewaandikia wakubwa Mombasa kuomba leseni ya pili, wamenikatalia. Mimi nami nimeajiriwa, kama wewe ulivyokuwa umeajiriwa. Wakubwa wakisema funga bomba, utafanyaje?"

"Unafunga," alisema Tembo.

"Unafunga." Ngala alimmiminia soda. "Nami kusema kweli nilikuwa nikikufikiria. Askari wangu wa mlangoni ameacha kazi, amerudi kwao Kinango. Sitaki kijana. Nataka mtu mzima, mtu wa adabu, anayejua kuwapokea watu. Mshahara ni elfu tatu na mia mbili, na sare juu yetu. Sijui kama kazi hiyo utaiona ndogo."

Tembo alihisi maneno aliyoyapanga yakimpotea moja baada ya jingine. Alifikiria mchele wa mkopo. Alifikiria Januari na sare ya shule ya Dama. Lakini lililomshika zaidi ya hayo yote lilikuwa lile neno, nilikuwa nikikufikiria. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemfikiria.

"Si ndogo," alisema. "Nashukuru."

"Basi tumeelewana. Na Mama Dama atarudi Jumatatu, akae na Chome."

"Atarudi."

Nje, jua lilimpiga usoni, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakutaja alama hata moja.

*

Alimweleza mkewe akiwa amesimama, kofia ya sare mkononi, kwa sababu Ngala alikuwa amempa kofia siku ile ile. Mumbe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia nini juu ya leseni?"

"Leseni wamekataa watu wa Mombasa. Si yeye."

"Na juu yangu?"

"Nimemwambia utarudi Jumatatu."

"Umemwambia sisi tumekubali."

"Tumekubali, ndiyo. Kwa sasa."

"Wewe na nani, Baba Dama?"

Tembo aliiweka kofia juu ya meza. Alisema kwamba mishahara miwili ni miwili. Alisema kwamba heshima hailiwi. Mumbe alikwenda kupepeta mchele uliobaki, na mikono yake ilikuwa ikifanya kazi polepole mno.

Jumatatu alirudi kazini kwa sababu mumewe alikuwa ametoa neno. Walitoka nyumbani pamoja, yeye na mkoba wake, Tembo ndani ya sare ya kahawia iliyombana mabegani. Walipofika mlangoni pa ofisi, Tembo alimfungulia, kama alivyotakiwa kumfungulia kila mtu. Mumbe alipita bila kumtazama.

Kwa wiki tatu Tembo aliyaona yote kupitia kioo. Aliwaona wateja wakiingia na kwenda moja kwa moja kwa Mumbe, naye akiwaelekeza kwa Chome. Alimwona Chome akigeuka kila dakika tano kumwuliza, na wateja wakigeuka pamoja naye, mpaka Ngala akaona haipendezi. Akaamuru meza ya Mumbe ihamishiwe chumba cha nyuma, mlimokuwa na makabati ya faili na jiko la chai. Sasa Chome alipokwama aliomba udhuru, akaenda nyuma, akarudi na jibu.

Siku moja Mwalimu Mwero alikuja. Alimwuliza Chome habari za hisa zake, kisha akauliza Mumbe yuko wapi, maana alitaka kumsalimia. Ngala aliita. Mumbe akatoka chumba cha nyuma, na Ngala akamwambia kwa ile sauti yake ya chini, "Ah, Mama Dama, tuletee chai mbili."

Aliileta. Aliiweka mbele ya mzee bila kumwaga tone, akamwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba kwa sauti iliyokauka. Kisha alichukua mkoba wake, akapita mbele ya Chome, akapita mbele ya Ngala. Tembo alimfungulia mlango. Hakurudi tena.

*

Mumbe alianza kuuza mahamri na mbaazi asubuhi, karibu na soko. Fedha ilikuwa ndogo lakini haikuwa na mtu wa kuitia sahihi. Mwezi wa Februari alivuka kivuko cha Likoni na kwenda mjini Mombasa, akapanda ngazi za ofisi nne za udalali akiwa na kikaratasi chake cha matokeo. Tatu zilimwambia aandike barua. Ya nne, meneja wake, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, alikisoma kikaratasi mara mbili akamwuliza maswali nusu saa nzima.

"Nakuchukua," alisema yule mama. "Dawati langu la pili halina mtu. Lakini mtihani uliufanya chini ya jina la kampuni ile. Kanuni inataka barua yao ya kukuachilia. Mstari mmoja tu, na sahihi. Niletee kabla ya mwisho wa mwaka, maana matokeo haya hudumu mwaka mmoja. Yakipitwa utaanza upya."

Mumbe alirudi nyumbani akiwa na uso ambao Tembo hakuuona tangu Disemba. Usiku ule ule aliiandika barua ya maombi, fupi, ya heshima, akaitia ndani ya bahasha.

"Mpe wewe," alimwambia mumewe. "Unamwona kila siku. Nikienda mimi nitalia mbele yake, na sitaki anione nikilia."

"Nitampa," alisema Tembo.

Asubuhi aliitia bahasha katika mfuko wa shati, chini ya beji. Alikuwa amekusudia kumpa Ngala anapofika. Lakini asubuhi hiyo Ngala alifika na hasira, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kumfukuza kazi Nzai, mfagiaji, aliyekuwa amemwomba ruhusa ya siku mbili amwuguze mamake Msambweni. Ngala hakupaza sauti. Alisema, "Watu wa ofisi hii mna maombi mengi mno," akamhesabia Nzai siku zake, basi. Nzai alitoka ameshika ndala zake mkononi, sijui kwa nini, akapita mbele ya Tembo bila viatu.

Tembo aliigusa bahasha juu ya kitambaa. Kesho, alijiambia. Kesho yake Ngala alikuwa na wageni. Siku ya tatu alikuwa na furaha, na Tembo akaona haya kuiharibu furaha yake. Kila jioni Mumbe alimwuliza, naye alimjibu kwamba bado hajapata nafasi nzuri, na kila jioni jibu lilikuwa jepesi zaidi kulitamka. Bahasha ilichakaa kwa jasho. Wino ulianza kupita upande wa nje. Mwezi wa Machi hakuweza tena kumpa mtu karatasi kama ile, akaichana vipande vidogo nyuma ya ofisi, akavitupa chooni.

Jioni hiyo alisema, "Amekataa."

Mumbe alikuwa akikanda unga. Mikono yake ilisimama.

"Alisemaje?"

"Kasema kampuni haitoi barua kama hizo."

"Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo. Kasema ikimwachia mmoja, kesho wote watataka."

"Na alikuwa amekasirika, au alisema tu?"

Tembo alifikiri. "Alisema tu," akajibu, kwa kuwa aliona hilo litamwumiza kidogo kuliko lile jingine.

Mumbe alitikisa kichwa polepole. "Mtu anaweza kukunyima kitu kisichomgharimu chochote," alisema. "Sikulijua hilo, nami umri wote huu nikidhani nawajua watu." Kisha akarudi kwenye unga. Akiwa anaukanda akasema, "Ahsante kwa kumwuliza. Najua haikuwa rahisi."

Hakulitaja jambo hilo tena. Mwaka ulikwenda. Dama aliingia kidato cha kwanza Matuga, na karo ililipwa nusu kwa mahamri na nusu kwa mshahara wa mlangoni. Wateja walimzoea Chome, naye alikuwa amejifunza, hata akaacha kukosea. Tembo naye aliizoea sare. Ilikuwa imelegea mabegani. Watu walimwita askari, na wengine, kwa sababu ya mvi zake, walimwita mzee.

Wiki ya mwisho ya Novemba, Ngala alifika mapema kuliko kawaida. Tembo alisimama wima, akamfungulia mlango.

"Shikamoo, bosi," alisema.

Siku za mwanzo Ngala alikuwa akiikataa shikamoo hiyo, akisema Mzee, mimi ni mdogo wako. Siku hizi aliitikia.

"Marahaba. Habari za nyumbani? Mama Dama hajambo?"

"Hajambo. Anauza mahamri."

"Nasikia." Ngala alisimama kizingitini, funguo mkononi, kama mtu anayetafuta neno la ziada. "Yule mama ni hodari. Nilitaraji angekuja siku moja kuomba barua, akatafute kazi Mombasa kwa matokeo yale. Ningemwandikia. Labda ana kinyongo na mimi."

Tembo alikuwa ameushika mlango wazi, na baridi ya mashine ilikuwa ikitoka nje, ikimpita miguuni.

"Hana kinyongo," alisema.

"Basi mwambie, akiwa na haja yoyote asisite. Mwaka haujaisha."

"Nitamwambia, bosi," alisema Tembo, akaufunga mlango nyuma yake.